Alhamisi Nyuma ya Chumba cha Dobi

Kabla hujamfundisha kijana yeyote kutulia, mpe uji wa moto. Nawaambia nyinyi mlioanza kazi ya ushauri juzi, mnaokaa kwenye ofisi zenye zulia na maua ya plastiki, kwa sababu najua mmefundishwa kupumua kwa kuhesabu. Hesabuni tu, sina ugomvi. Lakini mtoto ambaye moyo unamwenda mbio hana nafasi ya hesabu. Mpe kikombe cha uji wa wimbi uliotoka jikoni sasa hivi, mwambie aupoze bila kuumwaga. Atavuta hewa kidogo, ataitoa polepole, kwa urefu, midomo ameikunja. Akirudia hivyo kwa muda, mabega yatashuka yenyewe. Hajui kwamba amefundishwa kitu. Anajua tu kwamba uji umepoa.

Hayo sikuyasoma popote. Nilionyeshwa na Bwana Owino, muuguzi mkuu wa kliniki ya wagonjwa wa fikira katika hospitali ya wilaya pale Kisii, miaka ya sabini ilipokuwa bado michanga. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimetoka chuoni, msichana wa Nyamira mwenye sare iliyotiwa wanga mpaka inakwaruza shingo, nikitarajia kupelekwa wodi ya wazazi. Matroni aliniangalia, akanisikiliza nikijieleza, kisha akasema, "Wewe Moraa unaongea sana. Nenda kwa Owino."

Bwana Owino alikuwa mtu wa ziwani, mrefu, mwenye sauti nzito na viatu vilivyong'aa hata kwenye tope letu. Kwa miaka yote aliyokaa Kisii alijua neno moja tu la Kigusii, "bwakire," la kusalimia asubuhi, naye alilitumia mpaka jioni. Wazee waliitikia huku wakicheka. Aliniambia siku ya kwanza, "Sista, mtu akikucheka kidogo, hakuogopi. Hapo kazi imeanza."

Watu wazima wa kliniki yetu walikuja kwa ajili ya dawa. Waliotusumbua ni vijana. Wazazi waliwaleta wakiwa wameshapimwa malaria, minyoo na moyo, wameshaombewa, na wengine wameshachanjwa chale usizopaswa kuuliza habari zake. Huyu analala mchana kutwa, ameugeukia ukuta. Yule anazimia shuleni kila akiitwa mbele. Hawakuwa vichaa, na dawa tulizokuwa nazo hazikuwafaa. Bwana Owino akaomba chumba ili awakutanishe pamoja, wajifunze jinsi ya kuishi na vichwa vyao. Vyumba havikuwapo. Akapewa kile cha nyuma ya dobi, mlimopigwa pasi mashuka ya hospitali. Kilinuka sabuni na makaa, lakini kilikuwa na joto, na nyinyi mnajua baridi ya kwetu baada ya mvua. Siku tulichagua Alhamisi. Jumamosi ilikuwa ya Wasabato, Jumapili ya Wakatoliki, na siku nyingine zote ni za mashamba. Vijana wenyewe wakaliita Kanisa la Alhamisi.

Siku ya kwanza niliitayarisha mimi. Nilikuja na ubao na chaki nikaandika, HOFU NI NINI? Nilipogeuka, wote walikuwa wametoa madaftari, wananakili. Msichana mmoja akanyoosha mkono.

"Sista, hii itatoka kwa mtihani?"

Bwana Owino alicheka mpaka akaegemea mlango. Aliufuta ule ubao kwa leso yake mwenyewe, akawapa akina mama wa dobi, nao wakazibia dirisha lililovunjika kioo. Tangu siku hiyo hatukuhubiri tena jambo linaloweza kufanywa kwa mikono na miguu. Kama kijana hawezi kumwomba mwalimu ruhusa bila kutazama chini, mmoja wetu alijifanya mwalimu, na yeye akaomba. Akishindwa tunabadilishana, yeye anakuwa mwalimu. Ungeshangaa jinsi mtoto mwoga anavyokuwa mwalimu mkali.

Nitawaambia habari za Nyangau, kijana wa Suneka aliyeanguka mtihani wa darasa la saba kisha akalala. Aliacha kula na wenzake, akaacha kuoga, akaacha hata kujibu jina lake. Mama yake alimleta amemshika mkono kama kipofu. Mimi nilikuwa tayari kumuuliza anajisikiaje. Bwana Owino akaniwahi.

"Nyumbani kuna kuku?"

Kijana akajibu bila kuinua uso. "Wako."

"Nani huwafungulia asubuhi?"

"Mama."

"Kesho utawafungulia wewe. Ukitaka kurudi kulala, rudi. Lakini kuku uwafungulie."

"Na kama sijisikii?"

"Kuku hawaulizi unajisikiaje."

Alhamisi iliyofuata Nyangau alikuja akiwa bado ana uso wa udongo, lakini alikuwa amefungua banda kila siku. Akaongezewa kuchota maji, kisha kufua shati lake. Mama yake akadhani tunamtafutia kazi ya nyumba. Shikeni hili, wanangu: mtu aliyezama kwenye huzuni anangoja moyo upone ndipo ainuke, na moyo nao unamngoja yeye. Mwili utangulie. Moyo utafuata nyuma, kama mtoto anayemfuata mama yake shambani huku akilia.

Jambo jingine tulilipata kwa bahati tu. Kwa sababu Bwana Owino hakujua Kigusii, kikundi chetu kilizungumza Kiswahili. Mwanzoni niliona ni mzigo, nikajitolea kutafsiri. Wale walikuwa watoto wa mashambani, Kiswahili chao kilikuwa cha darasani. Lakini nilianza kusikia wanasema mambo ambayo mimi, mtoto wa Kigusii, nisingethubutu kuyatamka. Kwetu kuna chinsoni, ile heshima inayoweka ukuta kati ya mzazi na mtoto, hata mambo ya ndani yasitajwe mbele yao. Neno la Kigusii la jambo la aibu linakuja na uso wa mama, wa baba, wa nyanya. Kiswahili kilikuwa lugha ya soko na ofisi, hakikuwa na uso wa mtu yeyote. "Moyo yangu inaogopa," walisema. "Hii maisha imenichosha." Ngeli zilikuwa zikianguka kama ndizi kwenye upepo, na ukweli unatoka. Kwa hiyo nawaomba, msimsahihishe ngeli mtu anayelia.

Basi, siku moja aliletwa Kwamboka.

Alikuwa msichana wa kidato cha pili kutoka upande wa Kenyenya, mwembamba, nadhifu, mwenye akili za kupita wengi. Katikati ya muhula, wanafunzi wote wakiwa wamekusanyika ukumbini kwa maombi ya asubuhi, moyo wake ulianza kupiga kwa nguvu, mikono ikafa ganzi, akaona hakika anakufa. Akakimbia nje. Kesho yake ikamjia tena. Baadaye hata darasani ikaja, na mwisho akawa haendi popote penye watu. Moyo wake ulipimwa ukaonekana mzima. Mwalimu mkuu alikuwa amesema wazi: muhula ujao ukifunguliwa aketi ukumbini na darasani kama wenzake, au nafasi yake apewe msichana mwingine. Na nafasi ya msichana katika shule ya sekondari wakati ule haikuwa kitu cha kuokota njiani.

Baba yake, mzee Abuga, alikuwa mkulima wa kahawa na ndizi na mtu wa heshima katika kanisa la Wasabato kwao. Alisimama mlangoni pa kliniki na kofia mkononi.

"Huyu si mgonjwa," alisema. "Amekataa shule. Mwambieni akubali."

"Mzee, ungetaka akubali leo?" Bwana Owino akamuuliza.

"Ningetaka angekubali jana."

Kwamboka alitazama sakafu. Nilipomtazama baba yake niliona hasira, lakini ndani ya ile hasira mlikuwa na kitu kingine ambacho wakati ule sikukielewa.

Tulimuuliza Kwamboka mahali gani panamtisha, tangu pa nafuu mpaka pabaya kabisa. Akapanga mwenyewe. Pa nafuu palikuwa kwenye benchi ya nyuma ya chumba chetu. Pabaya kabisa palikuwa katikati ya safu, ukumbini shuleni, maombi yakiendelea. Katikati ya hizo ngazi aliweka soko la Nyakoe. Kazi yake kila mara ilikuwa moja: aende, hofu ije, akae nayo mpaka ipungue yenyewe. Hofu haiwezi kukaa juu milele. Inapanda, inachoka, inashuka. Anayekimbia ikiwa juu haoni ikishuka, kwa hiyo anaamini mbio ndizo zilizomwokoa.

Benchi ya nyuma aliimaliza, ya katikati pia. Tukaenda Nyakoe siku ya soko, Bwana Owino, mimi, Kwamboka, na Nyangau aliyekuja kwa sababu zoezi lake la wiki hiyo lilikuwa kutoka nyumbani. Kwamboka aliingia mpaka kwa akina mama wa ndizi, akauliza bei, akasimama. Nilimwona akipumua vizuri. Nikaanza kujisifu moyoni. Mara mama mwenye ndizi akamwona mdeni wake akipita, akamwita kwa sauti ya kuamsha maiti. Watu wote wakageuka. Kwamboka akatimka.

Alipita kati ya mafungu ya nyanya kama swala. Na kabla sijainua mguu, nikamwona Nyangau, kijana wa kulala, anamkimbilia nyuma. Tulipowafikia walikuwa wameketi ukingoni mwa barabara, Nyangau ameshika mbavu, ulimi nje.

"Kwamboka," alikuwa akisema, "mimi ni mgonjwa wa kulala. Usinifanyie hivi."

Kwamboka alikuwa analia. Kisha akacheka huku bado analia, na nyote mkiwa kazini siku moja mtaisikia sauti hiyo na hamtaisahau.

"Nimeharibu," akatuambia.

"Umefika kwenye ndizi," Bwana Owino akasema. "Juzi ulikuwa hufiki langoni. Wiki ijayo tutarudi, ndizi hazihami."

Lakini soko lina midomo. Habari zilifika Kenyenya kabla ya Kwamboka. Alhamisi iliyofuata, tukiwa ndio tumeanza, mzee Abuga akaingia chumbani bila kubisha.

"Nilileta mtoto hospitali," alisema. "Nyinyi mnampeleka sokoni atazamwe kama ng'ombe wa mnada. Kwamboka, simama. Twende nyumbani."

Kwamboka akasimama. Nilijua akitoka hivyo hatarudi, na shule imekwisha. Bwana Owino akafungua mdomo ajibu, na hapo ndipo mvua ya mawe ilipoanguka.

Mvua ya mawe ya kwetu juu ya mabati si ya kuzungumziwa. Tulifunga mlango. Akina mama wa dobi wakaja mbio na vikapu vya mashuka waliyoyaanua, wakaingia nao, wakajibana kati yetu. Ubao wangu wa zamani ukalikinga dirisha. Chumba kikajaa mvuke, watu bega kwa bega, kelele juu mpaka husikii mwenzako. Mzee Abuga akajikuta amebanwa katikati, mbali na mlango.

Nilimwona akiikunja kofia yake. Jasho likamtoka kwenye paji la uso. Akaulegeza ukosi wa shati, akatazama mlango, akatazama vikapu vilivyomzuia, akatazama tena mlango. Nikadhani ni moyo. Nikataka kupenya nimwite daktari, lakini Bwana Owino akanigusa bega, akatikisa kichwa. Alichukua kikombe cha uji wa moto tuliokuwa tukiwapa vijana, akampitishia mzee juu ya vichwa vya watu, akamwonyesha kwa midomo: poza.

Mzee alikishika kwa mikono yote miwili. Akapuliza. Uji ukamwagika kidogo kwenye viatu, akapuliza tena. Kwamboka alikuwa amesimama mbele yake, anamtazama kama mtu anayemwona kwa mara ya kwanza. Yeye ndiye aliyeanza kupuliza pamoja naye, bila kikombe, amtangulie ili baba amfuate. Baba na mtoto, hivyo, mpaka mawe yakawa mvua na mvua ikawa manyunyu.

Bwana Owino hakumuuliza kitu. Mzee mwenyewe alisema, kwa Kiswahili, akimtazama Bwana Owino, ingawa sote tulijua anasema na nani.

"Hii kitu mimi iko nayo. Tangu kijana. Kanisani nakaa karibu na mlango. Watu wanasema, Abuga ni mnyenyekevu, hataki kiti cha mbele." Akatikisa kichwa. "Si unyenyekevu. Naogopa."

Mama mmoja wa dobi akasema taratibu, "Pole, baba."

Kwamboka alikuwa anatazama viatu vya baba yake vyenye uji. Kwa Kigusii asingeweza kuuliza alichouliza. Kwa Kiswahili akaweza.

"Baba, na wewe mikono inakufa ganzi?"

"Mpaka hii kidole ndogo."

"Na unafikiri unakufa?"

"Kila mara." Akakiweka kikombe chini. "Nilipoona imekushika, nilijua ni hiyo. Nikafikiri nikikulazimisha kwa nguvu, itakuacha mapema. Haitakaa na wewe miaka mingi kama mimi."

Bwana Owino akavuta benchi, mzee akaketi. "Mzee, kukaa karibu na mlango kumekusaidia?"

"Kumenisaidia nisikimbie mbele ya watu."

"Na kumekusaidia usiogope?"

Mzee Abuga alifikiri kweli, kama mtu anayeulizwa bei ya shamba. "Hapana," akasema. "Hapana. Kila Sabato naanza upya."

Hakumchukua Kwamboka nyumbani siku ile. Alhamisi iliyofuata walikuja wote wawili. Kwao mzee alisema anafuatilia mambo ya kahawa mjini, na sisi hatukuwa na sababu ya kumkosoa. Alikaa kwenye benchi na vijana wanaotosha kuwa watoto wake, akafanya kila zoezi, na Nyangau akawa mwalimu wake wa kuomba ruhusa. Walirudi Nyakoe pamoja. Mama wa ndizi alimkumbuka Kwamboka, akamtazama mzee kutoka kofia hadi viatu, akasema, "Leo umekuja na polisi?" Wakasimama pale, baba na binti, kila mmoja amekaza mikono yake, mpaka hofu ikapanda, ikachoka, ikashuka. Kisha wakanunua ndizi mbivu, wakala.

Siku ya kufungua shule nilimsindikiza. Kulikuwa na maombi ya kuanza muhula, na wazazi waliruhusiwa viti vya nyuma ukumbini. Kwamboka aliketi katikati ya safu, wasichana huku na huku. Mimi na mzee Abuga tuliketi nyuma, naye alichagua kiti cha katikati bila mimi kumwambia.

Wimbo ulipita vizuri. Kwenye maombi nikaiona hofu ikimjia Kwamboka. Shingo yake ilikaza. Mabega yakapanda. Mkono mmoja ukashika ukingo wa benchi, na mhubiri ndiyo kwanza alikuwa ameanza kuiombea serikali. Mzee Abuga alikuwa ameinuka nusu.

"Sista," akaninong'oneza, "nimtoe?"

Hapo, wanangu, ndipo kazi yetu ilipo. Kila kitu ndani yangu kilitaka kusema ndiyo. Mtoto anateseka, mlango uko wazi, na ungemtoa angekushukuru.

"Mwache, baba," nikasema. "Anafanya kazi."

Akaketi. Hata yeye ilikuwa imemjia, nikamshika mkono, nami si mtu wa kushika mikono ya wazee. Mhubiri akaziombea mvua, akawaombea walimu, akawaombea wapishi mmoja mmoja. Kwamboka hakuinuka. Polepole, mkono ukaachia benchi. Akaweka nywele zake sawa.

Waliposimama kutoka, hakuna msichana hata mmoja aliyejua lililotokea pale. Mwalimu mkuu alipita karibu naye akamtazama.

"Kwamboka, umerudi. Vizuri. Funga kifungo cha juu."

Basi. Hakuna aliyepiga makofi. Ushindi mkubwa kuliko wote niliouona katika kazi yangu ulionekana kama msichana aliyeketi kwenye benchi. Mkitaka kazi ya kupigiwa makofi, nendeni kwaya.

Nje nikamuuliza, "Ilikuja?"

"Ilikuja yote," akasema. Mgongo wa blauzi ulikuwa umelowa. Baba yake akamkabidhi sanduku lake, akamwambia kwa Kigusii asome vizuri, kama mzazi mwingine yeyote.

Sitawadanganya kwamba wote walipona. Kuna msichana aliyekuja mara chache akaacha, tukamfuata kwao tukaambiwa ameolewa mbali, na mpaka leo namkumbuka. Nyangau alijifunza ushonaji pale Suneka na alikuwa na majira mabaya na majira mazuri, lakini majira mabaya hayakumkuta tena amelala akingoja moyo upone. Bwana Owino alihamishwa akarudi upande wa ziwani. Aliniaga kwa "bwakire" saa kumi jioni, akaniachia kikundi. Nilikiongoza mpaka nywele zangu zikageuka mvi.

Likizo moja, nikiwa bado mgeni katika kuongoza peke yangu, tulipata msichana mpya aliyetoka kwetu Nyamira. Alikuwa amekunja mikono, hataki kusema wala kunywa kitu. Kwamboka alikuwa amekuja kututembelea, amerefuka, yuko kidato cha tatu. Nilikuwa natafuta maneno ya kufaa, yeye akaenda tu akaketi kando yake na kumweleza habari zake kwa Kiswahili, zote, na soko na nyanya na Nyangau ametoa ulimi.

Msichana alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akauliza neno lake la kwanza tangu aje.

"Na sasa imeisha?"

Nilitamani Kwamboka aseme ndiyo. Lilikuwa jibu rahisi, na yule mtoto alilihitaji.

"Haijaisha," Kwamboka akasema. "Lakini siku hizi inanikuta nimeketi, na inaniacha nimeketi."